Barua ya wazi kwa wakuu wa kampuni za magari za Detroit: muda mliopewa mliutumiaje?

Kwa:
Bi. Mary Barra, General Motors
Bw. Jim Farley, Ford
Bw. Antonio Filosa, Stellantis (wamiliki wa Chrysler, Dodge, Jeep na Ram)

YAH: MUDA MLIONUNULIWA ILI MSHINDANE NA MAGARI YA KIGENI

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwa sasa ni mfanyakazi wa kiwanda cha vipuri vya magari magharibi mwa Michigan. Kiwanda sikitaji, wala wateja wake siwataji, maana mshahara bado nauhitaji. Kwenye laini yetu Kiswahili kinasikika kila zamu: wenzangu wengi ni Wakongomani waliofika huku kama wakimbizi, wapo Warundi, na tumo Watanzania wachache. Oda za magari zikipungua, wa kwanza kuambiwa wabaki nyumbani ni sisi, kabla habari haijafika hata gazetini.

Haya nitakayoyasema nilianza kuyasema ndani. Niliyaandika kwenye fomu za maoni, nikampelekea msimamizi wa zamu, nikayafikisha ofisi ya utumishi. Nilijibiwa kwa adabu, na kila ofisi ilinipa jibu lilelile: mambo hayo yanaamuliwa juu. Basi nimekuja juu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nataka ninaosimama nao kwenye laini wasome kwanza. Ninyi wa kuwatafsiria hamkosi.

Malalamiko yangu ni haya. Kila mgeni alipoingia na gari dogo, la bei nafuu, linalodumu, mlimwachia sehemu hiyo ya soko mkahamia kwenye gari kubwa lenye faida nono. Na kila mlipobanwa, serikali na walipa kodi wa Marekani waliwanunulia muda wa kujirekebisha. Huo muda ndio naulizia.

1. Gari dogo mliliacha wenyewe

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 General Motors peke yake ilikuwa ikiuza karibu nusu ya magari yote mapya nchini Marekani. Leo ni takriban gari moja katika kila sita. Julai 2007, kwa mara ya kwanza, mauzo ya Detroit nzima yalishuka chini ya nusu ya soko la nyumbani. Na mwaka 2021 Toyota ikauza Marekani magari mengi kuliko General Motors, iliyokuwa kileleni tangu 1931.

Watu husema Wajapani walibahatika tu: mwaka 1973 Waarabu walizuia mafuta, bei ikapanda, na wao wakawa tayari wana magari yasiyonywa sana. Lakini na ninyi mlikuwa nayo madogo. Chevrolet Vega la General Motors na Ford Pinto yaliingia sokoni mwishoni mwa 1970, miaka mitatu kabla ya msukosuko huo. Vega lilikuwa na injini ya alumini isiyostahimili joto, na bodi yake ikaliwa na kutu likiwa bado changa. Pinto liliwekewa tangi la mafuta nyuma ya ekseli, mahali ambapo likigongwa kwa nyuma lilikuwa hatari kushika moto. Mwaka 1978 Ford ililazimika kuyaita magari milioni 1.5 yarudi kurekebishwa. Katika miaka hiyohiyo Honda ilileta Civic yenye injini ya CVCC, iliyotimiza masharti mapya ya moshi bila hata kufungwa kifaa cha kusafishia moshi kwenye ekzosi, ilhali Detroit ililalamika kwamba masharti hayo hayawezekani.

Kwa hiyo hakuna aliyewaotea. Fursa mliiona mapema, mkaijaza gari ambalo ninyi wenyewe hamkuliheshimu. Mliliona gari la maskini, na mnunuzi akalisoma hivyo hivyo.

Halafu mkalikimbia kabisa. Aprili 2018 Ford ilitangaza kwamba Amerika Kaskazini itaacha kuuza magari ya saluni, ibaki na Mustang tu, na zilizosalia ziwe pikapu na magari ya juu. Machi 2019 Chevrolet Cruze la mwisho lilitoka Lordstown, Ohio, na kiwanda kikafungwa. Malibu limefuata mwaka 2024. Chrysler, jina lililowahi kutikisa, leo halina cha kuuza ila gari la familia la milango ya kusukuma. Mlisema wateja hawataki tena saluni. Mwaka 2024 Toyota iliuza Camry zaidi ya 300,000 hapahapa Marekani. Hao walionunua ni akina nani?

2. Mmekimbia hata kule ambako hakuna aliyewafukuza

Hili nitalipitia haraka. Mwaka 2017 General Motors iliuza Opel na Vauxhall, ikatoka Ulaya. Mwaka huohuo iliacha kuuza magari India na ikaondoka Afrika Kusini. Holden ya Australia ilizikwa mwaka 2020. Ford iliacha kutengeneza magari Brazili mwaka 2021, ikatangaza kuondoka India mwaka huohuo.

Mwaka huo wa 2017 mliuza pia hisa zenu za Nairobi. Waliokulia Afrika Mashariki wanalikumbuka bango la General Motors barabara ya Mombasa, kiwanda kilichokuwapo tangu miaka ya 1970. Sasa kinaitwa Isuzu East Africa. Na tuseme kweli, hata bango lilipokuwa lenu, malori yaliyotoka pale yalikuwa Isuzu. Mtasema sisi usukani wetu uko kulia. Ni kweli, na gari la mtumba la Kijapani linakuja na usukani huohuo, ndiyo maana Vitz, IST na Probox zimejaa Dar es Salaam na Nairobi. Ila pikapu na malori yalihitaji mtu wa kuyaunganisha pale Nairobi, kazi mliyoifanya miaka arobaini kisha mkamwachia mwenzenu.

3. Muda mlionunuliwa

Hapa ndipo kwenye hesabu.

Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson aliweka ushuru wa asilimia 25 kwa malori mepesi yanayoingia Marekani. Ulikuwa ugomvi wa kuku: Ulaya ilikuwa imeongeza kodi kwa kuku wa Kimarekani, na Marekani ikalipiza. Kodi nyingine zilizotangazwa siku ile zimeshafutwa, ila ya malori iko hadi leo, miaka zaidi ya 60 baadaye. Ndiyo maana pikapu ndiyo mboga yenu ya kila siku.

Mwaka 1980 serikali iliidhamini Chrysler ikope hadi dola bilioni 1.5. Kwa haki yake, mkuu wa Chrysler wa wakati huo, Lee Iacocca, alilipa mikopo hiyo mwaka 1983, mapema kuliko ilivyotakiwa. Nalisema kwa sababu ni mfano wa muda uliotumika vizuri, angalau kwa miaka hiyo michache.

Mwaka 1981 Japani ilikubali kupunguza magari inayoyaleta Marekani hadi milioni 1.68 kwa mwaka. Bei za magari zikapanda, faida zenu zikapanda, na wakuu wa wakati huo wakajigawia bonasi nono. General Motors ikanunua kampuni ya kompyuta ya EDS mwaka 1984, na Hughes Aircraft mwaka 1985. Chrysler ikanunua Gulfstream, watengenezaji wa ndege za matajiri. Ford, muongo huo ukiisha, ikanunua Jaguar, ambayo baadaye iliuzwa kwa Tata ya India pamoja na Land Rover.

Wajapani nao muda huohuo waliutumiaje? Walipoambiwa wasilete magari mengi, walikuja kuyatengenezea hapahapa. Honda ilianza kutoa Accord huko Marysville, Ohio, mwaka 1982. Nissan ikafuata Smyrna, Tennessee, mwaka 1983. Toyota ikafungua Georgetown, Kentucky, mwaka 1988. Na kwa kuwa idadi ilikuwa na kikomo, wakaamua kila gari liwe la thamani zaidi: Acura ya Honda mwaka 1986, Lexus ya Toyota na Infiniti ya Nissan mwaka 1989. Ukuta uliojengwa ili kuwalinda ninyi ndio uliowafundisha wao kuuza gari la kifahari kwa mteja wa Cadillac.

Kisha 2008. Novemba ile wakuu wa kampuni tatu walikwenda Washington kuomba dola bilioni 25, kila mmoja kwa ndege yake binafsi. Wabunge waliwaaibisha mchana kweupe, na Desemba wakarudi kwa magari. Mwaka 2009 Chrysler na General Motors zilifilisika. Walipa kodi waliweka takriban dola bilioni 50 ndani ya General Motors pekee, na hisa zilipouzwa zote zikawa zimepotea zaidi ya bilioni 10. Ford haikuchukua fedha hizo za uokoaji, kwa sababu mwaka 2006 ilishaweka rehani karibu kila ilichonacho, hadi nembo yake, ikakopa zaidi ya dola bilioni 23. Hilo naliheshimu.

Na sasa ukuta mwingine: mwaka 2024 ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya umeme ya Kichina, na mwaka 2025 asilimia 25 kwa magari yanayotoka nje, ingawa baadaye ulipunguzwa kwa baadhi ya nchi. Huu wa mwisho umewaangukia na ninyi, maana magari yenu mengi yanatoka Mexico na Korea Kusini. General Motors yenyewe ilieleza kwamba robo moja tu ya mwaka 2025 ushuru uliigharimu dola bilioni 1.1.

4. Somo la Fremont mlilipata, mkalifungia kabatini

Naomba mnivumilie hapa, maana katika yote hili ndilo linaloniuma zaidi.

Mwaka 1982 General Motors ilifunga kiwanda chake cha Fremont, California. Kilikuwa na sifa mbaya: utoro, ulevi, migomo isiyo rasmi, magari yanayotoka na kasoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kilekile cha UAW. Kuta zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni namna ya kuendesha kazi.

Vikundi vya wafanyakazi vilipelekwa Japani, kwenye kiwanda cha Takaoka, wakajionee. Huko walikuta jambo ambalo Fremont ya zamani lingemfukuzisha mtu kazi: mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anavuta kamba, kiongozi wa kikundi anafika hapohapo, na tatizo lisipokwisha laini nzima inasimama. Kwenye kiwanda cha zamani amri kuu ilikuwa kwamba laini haisimami, liwalo na liwe. Gari lenye boliti isiyo yake lilisogea mbele, likafungwa milango, likatolewa uani, na huko ndiko lilikotafutiwa fundi.

Haukupita muda mrefu ubora wa magari ya Fremont ukakaribia ule wa Japani. Watu walioitwa wavivu na walevi wakawa wanatoa gari la kuaminika. Baadaye kiwanda kile kilitoa Toyota Corolla na Geo Prizm ya General Motors kwenye laini moja, magari yanayokaribia kuwa ndugu pacha, mikono ileile. Mnunuzi alikimbilia lenye jina la Toyota na yuko radhi kuongeza pesa. Jina lenu lilikuwa limeshachafuka kiasi kwamba hata gari zuri halikuweza kulisafisha peke yake.

General Motors ilipeleka mameneja wakajifunze Fremont. Wengi waliporudi kwenye viwanda vyao walikuta hakuna anayewasikiliza. Kamba ilifungwa kwenye viwanda vingine, lakini bosi aliyelipwa kwa idadi ya magari hakutaka kuona mtu akiishika. Mwaka 2009 General Motors ikajitoa kwenye ubia, 2010 kiwanda kikafungwa, na leo jengo lile ni la Tesla.

La kusikitisha zaidi, elimu hiyo haikuwa ngeni. W. Edwards Deming, aliyekwenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha wakuu wa viwanda jinsi ya kudhibiti ubora kwa takwimu, alikuwa Mmarekani. Wajapani walianzisha tuzo kwa jina lake mwaka uliofuata. Detroit ilimtafuta miaka ya 1980, mzee ameshapita miaka 80.

Kwenye kiwanda ninachofanyia kazi kamba ipo. Kuivuta ni habari nyingine.

5. Kipuri chenye namba ya uongo

Nasema hili kama mtu wa vipuri. Kwetu namba ya kipuri ndiyo jina lake na ukoo wake. Ikibadilika chembe, namba nayo inabadilika, ili siku kitu kikiharibika ijulikane kilitoka wapi.

Swichi ya kuwashia gari iliyofungwa kwenye Chevrolet Cobalt na wenzake ilikuwa laini kupita kiasi. Ufunguo uliweza kurudi wenyewe gari likiwa mwendoni, injini ikazima, na mifuko ya hewa isifunguke wakati wa ajali. Ndani ya kampuni watu walijua tatizo miaka mingi. Mwaka 2006 kifaa kikabadilishwa kimyakimya, na namba ikaachwa ileile. Wachunguzi wakawa wanalinganisha kipuri kizuri na kibovu wakidhani ni kimoja. Kurekebisha hakukuhitaji zaidi ya dola moja hivi kwa kila gari. Magari takriban milioni 2.6 yaliitwa kurekebishwa mwaka 2014, na mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kiliwaumbua wasiohusika.

Bi. Barra, ulikuwa ndio kwanza umeingia kitini, na nakumbuka ulijitokeza hadharani. Kwa hiyo swali langu halihusu wakati ule. Nauliza kwa nini bado tunahesabu. Rekodi ya mwito wa kurekebisha magari iliyowekwa na General Motors mwaka 2014 ilikuwa miito 77 kwa mwaka. Ford imeivunja mwaka 2025 mwaka haujafika nusu ya pili vizuri, na kabla haujaisha imepita 100.

Wanunuzi wenu wa vipuri wana mchango wao hapa. Miaka ya mwanzo ya 1990, José Ignacio López alipokuwa mkuu wa manunuzi wa General Motors, mikataba ilichanwa na wasambazaji wakaambiwa washushe bei au waondoke. Toyota, wakati huohuo, ilifungua Kentucky kituo cha kuwafundisha wasambazaji jinsi ya kupunguza gharama bila kupunguza kipuri. López aliondoka mwaka 1993 kwenda Volkswagen, huku nyuma akiacha kesi. Tabia aliyoiacha kwenye mazungumzo ya bei haijaondoka. Anayebanwa senti ataikata mahali, na mahali hapo ni ndani ya kipuri, ambako mnunuzi wa gari haoni.

6. Fedha zipo

Novemba 2023, mgomo wa UAW ukiwa umemalizika wiki chache tu, General Motors ilitangaza kununua tena hisa zake za dola bilioni 10. Juni 2024 ikaongeza bilioni 6. Wakati wa mgomo tuliambiwa kwamba nyongeza ya mshahara itahatarisha mustakabali wa kampuni. Kwa wanahisa hatari hiyo haikuonekana. Stellantis nako mkuu wake wa wakati huo, Carlos Tavares, alipewa malipo ya euro milioni 36.5 kwa mwaka 2023, na Desemba 2024 akaondoka, magari yakiwa yamerundikana kwa mawakala kwa sababu bei hazikamatiki.

7. Umeme: mlitangulia, mkarudi nyuma, sasa mnashangaa

General Motors ilikodisha gari la umeme la EV1 tangu 1996, kisha ikayakusanya na kuyaponda mengi yake. Toyota ilianza kuuza Prius Japani mwaka 1997 na haikuacha. Chevrolet Bolt lilikuwa gari la umeme la General Motors lililouzwa kuliko yote mwaka 2023, na la bei nafuu. Mwaka huohuo likasimamishwa, kiwanda chake kikapangiwa pikapu za umeme zenye bei ya nyumba ya kijijini. Baadaye mkaamua kulirudisha. Ford nayo ilipoteza dola bilioni 4.7 mwaka 2023 kwenye kitengo chake cha umeme, na bilioni 5.1 mwaka 2024.

Bw. Farley, Oktoba 2024 ulisema wazi kwamba umekuwa ukiendesha Xiaomi SU7 iliyoletwa kutoka Shanghai, na kwamba hutaki kuirudisha. Nakushukuru kwa ukweli huo. Xiaomi ni watengenezaji wa simu. Wafanyakazi wenzangu wengi wana simu zao mfukoni.

8. Acheni kutafuta mchawi

Juni 1982, huko Highland Park, mji ambako Ford ilianzisha laini inayotembea mwaka 1913, kijana Vincent Chin alipigwa kwa gongo la besiboli na wanaume wawili, mmoja msimamizi wa Chrysler na mwingine mtoto wake wa kambo aliyepoteza kazi ya magari. Walimlaumu kwa kazi zilizokuwa zikipotea. Alikuwa Mmarekani mwenye asili ya China, tena mchora ramani kwenye kampuni ya uhandisi, si Mjapani. Alifariki siku nne baadaye. Mahakama ya jimbo iliwapa miaka mitatu ya uangalizi na faini ya dola 3,000 kila mmoja.

Sisemi mlimuua. Nasema kwamba maneno ya "wageni wanatuibia" hayabaki kwenye mikutano ya wanahisa. Yanashuka hadi kwenye maegesho ya kiwanda, na huko kuna watu wenye lafudhi kama yangu.

Visingizio navijua

Mtasema chama cha wafanyakazi ndicho kilichowalemea, hasa gharama za matibabu na pensheni za wastaafu. Zilikuwa mzigo, sikatai. Lakini mzigo huo mliupokea wenyewe kwenye mikataba, mkiahidi ya kesho ili leo msiongeze mshahara. Mwaka 2007 matibabu ya wastaafu yalihamishiwa kwenye mfuko wa chama, na waajiriwa wapya wakaanza kulipwa mshahara mdogo kuliko wenzao wanaofanya kazi ileile. Mzigo ulipopunguzwa, gari dogo lilirudi?

Mtasema China inawapa watu wake ruzuku. Inawapa, na nyingi. Rudini kwenye hoja ya tatu mjihesabie zenu.

Mtasema gari dogo halina faida. Ford Maverick, pikapu ndogo, iliingia sokoni mwaka 2021 kwa bei iliyoanzia chini kidogo ya dola 20,000. Oda zilimiminika hadi Ford ikasimamisha kupokea zile za injini ya mseto. Tangu hapo bei yake imepandishwa tena na tena. Mwaka 2025 wastani wa bei ya gari jipya Marekani umevuka dola 50,000. Katika laini ninayosimama simjui mtu aliyewahi kununua gari jipya la Detroit. Tunayatengeneza, halafu tunaendesha Corolla kuukuu.

Ninachoomba

(a) Kila kampuni itangaze hadharani gari moja lisilozidi dola 25,000, tarehe litakapoanza kuuzwa, na kiwanda litakapotengenezwa. Ford imeshaahidi pikapu ya umeme ya takriban dola 30,000 kwa mwaka 2027. Ni mwanzo, ila bado ni dola 5,000 juu.

(b) Kampuni yenye magari yaliyoitwa na bado hayajarekebishwa isinunue hisa zake hadi kazi hiyo iishe.

(c) Mfanyakazi wa kiwanda cha vipuri apewe njia ya kupeleka taarifa ya kasoro, yenye namba ya kipuri, moja kwa moja kwa mhandisi wenu, na mwajiri wake asiwe na uwezo wa kuizuia wala kumwadhibu. Hili halihitaji bilioni hata moja.

(d) Mikataba ya vipuri iwe ya miaka ya kutosha mtu kununua mashine nzuri, na upunguzaji wa gharama ujadiliwe wahandisi wakiwa mezani.

(e) Mradi ushuru unawalinda, kila mwaka mtoe hesabu: umewaongezea kiasi gani, na kiasi gani kimeingia kwenye gari jipya, kwenye mshahara, na kwa wanahisa.

Majibu yenu yatolewe hadharani kama barua hii ilivyotolewa. Mkiandika kwa Kiingereza, nitawasomea wenzangu wakati wa mapumziko ya chakula.

Wenu mtiifu,

Mfanyakazi wa laini, kiwanda cha vipuri
Magharibi mwa Michigan